Wifi Alivyofuta Vumbi

Siku Fundi Mizani alipoondoka asirudi, mkewe alikuwa akimchora picha, na alikuwa amebakiza mdomo tu.

Picha yenyewe ilikuwa kwenye chumba cha nyuma, imebanwa juu ya ubao, na ubao umeegemezwa ukutani. Paji la uso lilikuwa limekaa. Macho yalikuwa yamekaa, hata lile la kushoto alilozoea kulifumba kidogo kila aliposoma mizani. Pua, masikio, shingo na kola ya shati la kazi, vyote vilikuwa vyake kabisa, mtu angeweza kuviapia. Lakini chini ya pua palikuwa na karatasi tupu, ya rangi ya hudhurungi kama ilivyotoka dukani, kwa sababu mdomo wa mtu yule haukuwahi kutulia. Kutwa alizunguka kwenye mabucha na maghala akitengeneza mizani, na kila mizani ilimrudisha nyumbani na kisa. Jumapili mchana, mkewe alipomkalisha kando ya dirisha, ndipo visa vyote vilipomtoka.

“Funga mdomo basi, mume wangu, nikuchore.”

“Nikiufunga si wangu tena. Utakuwa umechora mdomo wa jirani.”

“Jirani angalau ananyamaza.”

“Basi kamwite jirani akae hapa, mimi nikale.”

Walicheka, na Jumapili ikapita, wakasema wiki ijayo.

Asubuhi ile ya mwisho alitoka na sanduku lake la mawe ya kupimia, akasahau miwani, akarudi kuichukua, akatoka tena. Kwenye ghala moja la nafaka alichuchumaa mbele ya mizani kubwa ya magunia, akainamisha kichwa kusoma namba, na hakuinuka. Wapakuzi walidhani bado anasoma. Wakaendelea kupita na mizigo pembeni yake, wakijitahidi wasimsumbue.

Mkewe alipata habari akiwa kazini, kwenye duka la vioo na fremu, mbele yake kioo ambacho hakijamaliza kukatwa. Mwenye duka ni mzee mpole asiyejua maneno ya faraja. Alimtoa kikata kioo mkononi kama mtu anavyomnyang’anya mtoto kisu, akafunga duka, akampeleka hospitali mwenyewe.

Mtaani mama huyu huitwa Chaki. Jina alipewa na mumewe, mtaa ukalidaka, maana rangi anazochorea watu huziona kama chaki za shuleni. Si chaki. Ni pasteli, vijiti vya rangi laini kiasi kwamba ukikishika kimoja kinakuachia rangi vidoleni kabla hujaamua utachora nini. Rangi hiyo hainywewi na karatasi kama ya maji. Inakaa tu juu ya mikwaruzo ya karatasi, kama unga juu ya kibao cha mpishi, na ukiipitishia kiwiko imeondoka. Dawa ya kupuliza ili rangi igande ipo, lakini Chaki haipendi, kwa sababu inaifanya ngozi ya mtu iwe nzito na nyeusi, kama ya mtu aliyelowa mvua. Yeye akimaliza picha huiweka chini ya kioo, basi. Na hii ilikuwa haijafika kwenye kioo kwa sababu ya ule mdomo.

Aliporudi nyumbani jioni ile kutoka hospitali, akiwa ameshikwa mikono na mashemeji huku na huku, alikuta nyumba inang’aa. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, vyombo vimepangwa, madirisha hayana hata alama ya kidole. Dada mkubwa wa marehemu alikuwa amewatangulia wote. Huyu wifi yake ni msimamizi wa wafanya usafi katika hospitali kubwa, mwanamke mpana, mwenye sauti, ambaye akiingia mahali macho yake huanzia kwenye pembe za dari. Mdogo wake alipokufa, yeye aliomba funguo, akachukua ndoo.

Alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, macho mekundu, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko.

“Wifi, pole, pole mwenzangu. Nimekufutia kila kitu, watu wakija wasikute aibu. Ule ubao wako nao, vumbi lake, sijui mlikuwa mnapumuaje humo ndani.”

Chaki alitazama ndani ya ndoo. Maji yalikuwa ya kahawia, na ndani ya kahawia kulikuwa na zambarau, na pembeni, mahali kitambaa kilipokuwa kikielea, uzi mwembamba wa kijani. Hakuna mtu mwingine pale aliyejua kwamba zambarau ni kivuli cha pua, na kwamba ile kijani aliilaza chini ya jicho mwanzo kabisa, ili ngozi ipate uhai.

“Ahsante, wifi,” alisema.

Wifi akaibeba ndoo, akaenda kuimwaga kwenye mfereji wa uani.

Msiba ulipita kama misiba inavyopita. Watu walijaa, wakapungua, wakaisha. Kila aliyeingia aliisifu nyumba, akamsifu wifi mtu kwa kujitoa, na Chaki aliitikia kwa kichwa. Wakati ndugu walipokuwa bado wamelala sebuleni, aliingia chumba cha nyuma mara moja tu, akaugeuza ubao uso kwa ukuta. Alichokiona kilimtosha. Kitambaa kilishuka kutoka paji la uso hadi shavuni, kikachukua jicho la kushoto, na kilichobaki upande ule kilikuwa kama kioo cha bafuni mtu alipopitisha kiganja kwenye mvuke. Upande wa pili ulikuwa mzima. Jicho moja la mumewe lilimtazama kama kawaida.

Alirudi kazini mapema kuliko walivyomshauri. Nyumbani hakukuwa na kazi, wifi alikuwa ameimaliza yote. Dukani alikata vioo, akapiga fremu misumari, akafunga vyeti vya watu na picha za harusi za watu. Jioni alifika nyumbani, akavua viatu, akakaa palepale karibu na mlango mpaka akumbuke kuwasha taa. Si kwamba alikuwa akilia. Kulia nako kunataka nguvu.

Jambo lililomtisha alilijua peke yake, na hakulisema kwa mtu. Uso wa mumewe ulikuwa unamponyoka. Sauti ilikuwepo, ilikuwepo mpaka ikamchosha, visa vya mabucha na maghala alivisikia hata akiwa bafuni. Lakini akitaka kuuona uso, alipata miwani, au kola, au lile paji. Na alipofika kwenye mdomo hapakuwa na kitu. Picha za simu zilikuwepo. Ila Fundi Mizani mbele ya kamera alikuwa mtu mwingine: alikaza shingo na kutoa macho kama anayesubiri kuchomwa sindano. Jumamosi moja Chaki alijikaza, akabana karatasi mpya, akaiegemeza simu kwenye kopo na kujaribu kuchora kutoka humo. Alipomaliza alikuwa amepata picha ya kitambulisho. Aliikung’uta karatasi dirishani, rangi ikaanguka uani, akairudisha kwenye droo.

Yeye hajawahi kuwa mchoraji wa kichwani. Wapo wanaofumba macho na kuona farasi, wakafumbua na kumchora. Chaki huchora kinachokaa mbele yake, kwenye mwanga alionao, basi. Ukimwondolea kitu kile, vijiti vyake vyote ni vijiti tu. Mwenye duka alimwuliza siku moja, kwa kubabaika, “Mama, siku hizi huleti picha zako tuzifunge?” Akamjibu kwamba hana la kuchora, na mzee akaangalia pembeni kana kwamba ameuliza jambo la ndani.

Wifi naye hakuacha kuja. Alikuja akitoka zamu, na sare yake ya kazi, na bakuli limefungwa kwa kitambaa. Chaki alipokea bakuli, akashukuru, akaliweka mezani, akakaa. Wifi alizungumza peke yake, akajijibu, akaondoka. Ikawa hivyo wiki kwa wiki, mpaka alasiri moja wifi alipoweka bakuli chini kwa kishindo.

“Leo tuseme, wifi. Mimi siwezi kuendelea kuja mahali kama naja kutembelea ukuta.”

“Hakuna la kusema.”

“Lipo. Tangu msiba hunitazami usoni. Chakula changu unakipokea kama barua ya mahakama. Kama ni lile sanduku la mawe ya mdogo wangu, nitalirudisha leo hii. Nilikuomba, wewe mwenyewe ukasema chukua.”

“Si sanduku.”

“Basi nilisema neno makaburini? Maana mimi na mdomo wangu, najijua.”

“Wifi, nimechoka.”

“Hata mimi nimechoka! Unaniona nimetoka harusini? Nina miguu hii imevimba kama mikate. Lakini siondoki.”

Akakaa kweli, na kiti kikalia. Chaki angeweza kumwambia tena kwamba hakuna kitu, na wifi angechukua bakuli tupu la juzi na kwenda zake, na labda asingerudi. Aliliona hilo waziwazi, kwamba asingerudi, na kwamba baada ya hapo hapangekuwa na mtu wa kuujua uso ule isipokuwa yeye anayeusahau.

“Njoo,” alisema.

Chumba cha nyuma kilikuwa na joto la kufungwa. Alifungua dirisha, akaushika ubao kwa mikono miwili na kuugeuza.

Wifi alitazama. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

“Nani kamfanya hivi mdogo wangu?”

Chaki aliitazama mikono ya wifi. Mwanamke yule akayafuata macho hayo, akaanza kuelewa, taratibu, kuanzia mikononi. Aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

“Mimi?”

“Ulisema kulikuwa na vumbi.”

“Kulikuwa na vumbi!” Sauti ilimpanda. “Nilipitisha kitambaa kikarudi cheusi! Kwa nini hamkuandika? Hospitali kitu kisichoguswa kinaandikwa, USIGUSE, herufi kubwa, hata mimi wa kubeba ndoo naiona. Mnaweka mtu wazi namna hii?”

“Ningemwandikia nani, wifi? Nyumba ilikuwa ya watu wawili.”

Hapo wifi alitafuta pa kukaa, akapata kiti cha kando ya dirisha, akajishusha juu yake. Hakulia. Alikaa na mapaja wazi na mikono imelala juu yake, kama wanavyokaa watu kwenye korido za kazini kwake.

“Sikuwa naona,” alisema baadaye. “Nakuapia. Mapazia yalikuwa yameshushwa na macho yamejaa maji. Nilifuta mpaka kalenda. Nilifuta redio ikawaka yenyewe, nikairukia nikadhani ni yeye anaongea. Nilitaka mikono isikae bure, ndiyo hivyo tu. Na wewe ukaniambia ahsante.”

“Ningekwambia nini, na mtu hajazikwa?”

“Ungenitukana. Mimi ningekutukana.”

“Najua.”

“Ningekutukana mpaka majirani watoke nje.”

“Wangetoka kweli, kwa sauti hiyo.”

Wifi akaguna, na mguno ule ulikuwa na kicheko ndani yake, kidogo sana. Mwanga wa dirishani ulikuwa umemwangukia upande mmoja. Uchovu wa zamu ulikuwa umemshusha mabega na kumlegeza mashavu, na chini ya jicho lake, pale ngozi ilipojikunja, Chaki aliona kijani. Aliiona kabla hajafikiri. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshafungua droo.

“Usisogee hapo.”

“Nimekwambia siondoki.”

“Sisemi kuondoka. Nasema usijisogeze.”

“Unataka kunichora? Na sare hii?”

“Hiyo hiyo.”

“Haya. Miguu uiache.”

Alibana karatasi mpya kwenye ubao mwingine, akaanza na kijiti cha mkaa, kwa wepesi, ili kupata kichwa kimeelekea wapi. Halafu rangi nzito za chini: zambarau kwenye vivuli, kijani chini ya jicho, rangi ya matofali shavuni. Alifanya kazi kutoka juu kwenda chini, ubao ameuinamisha mbele ili vumbi lianguke sakafuni lisiguse kilichokwisha kukaa. Alipotaka kulainisha alitumia upande wa kidole kidogo, mara moja, kisha akaacha, maana ukisugua sana rangi zote zinageuka tope. Vidole vilikuwa vizito. Hakukuwa na furaha yoyote iliyomjia. Ilikuwa kama kupanda ngazi za nyumba aliyowahi kuishi, miguu inajua kimo cha kila kipandio, mwili wenyewe ungetaka kukaa.

Na wifi, kama ilivyotazamiwa, hakunyamaza. Alianza na wodi ya wanaume, ambako mgonjwa mmoja aliyefungwa bandeji mguu mzima alikuwa ameficha paka chini ya kitanda. Akaenda kwa muuguzi mkuu anayetembea na leso ya kufutia vitasa vya milango. Akarudi kwa paka. Chaki aliitikia “ehe” na “kumbe” mahali palipofaa, bila kusikiliza, na ndipo alipofika mdomoni na mkono wake ukasimama.

Pembe ya kushoto ilikuwa inatangulia. Kabla neno halijatoka, pembe ile ilijiinua kidogo, kama mtu anayeinua kona ya pazia kuchungulia, na mdomo wa juu ukafuata, na wa chini ukabaki nyuma, umejaa, una mstari mmoja wa mwanga. Kisha neno likatoka. Kila mara ilikuwa hivyo. Alikuwa ameishi na mdomo huohuo kwa mumewe miaka yote ya ndoa yake na hakuwahi kuliona hilo. Kwa mumewe alikuwa akisikiliza. Kwa wifi hakusikiliza, ndiyo maana aliona.

Aliuchukua ubao wa zamani, akausimamisha kando ya huu mpya.

“Unafanya nini huko?” wifi aliuliza.

“Nakuibia mdomo. Endelea kusema.”

“Niseme nini sasa? Ukishamwambia mtu aseme, maneno yanakimbia.”

“Yule paka.”

“Paka ameisha, wamemtoa.”

“Wamemtoaje?”

“Heh! Ndiyo patamu hapo…” Na pembe ya kushoto ikajiinua.

Pale chini ya pua karatasi ilikuwa bado mpya, haijaguswa na rangi wala kitambaa. Ilishika. Alilaza zambarau iliyokolea kwenye mstari wa katikati, akaiacha wazi kidogo upande wa kushoto. Juu yake rangi ya matofali, kisha waridi iliyofifia kwenye mdomo wa chini. Mwisho kabisa akachukua kipande kidogo cha rangi ya krimu na kukigusisha mara moja, bila kukikokota. Akarudi nyuma hatua kadhaa.

Wifi alinyamaza katikati ya neno. Aliinuka bila kuruhusiwa, akaja kusimama kando yake, na kwa muda mrefu walisimama hivyo, bega kwa bega, wakimtazama mtu aliyekuwa anataka kusema kitu.

“Huyo,” wifi alisema. Akajifuta pua kwa mkono wa sare. “Huyo sasa. Na huku juu?”

Chaki alijaribu. Kwenye paji la uso lililofutwa alipitisha kijiti cha kahawia, na kijiti kikateleza. Kitambaa kilikuwa kimeusukumiza unga wote ndani ya mikwaruzo na kuijaza. Hapakuwa na mahali pa rangi mpya kujishikiza. Alijaribu kijiti laini zaidi. Kiliacha alama ya mafuta mafuta, kisha hicho nacho kikaanguka.

“Karatasi imejaa. Haipokei tena.”

“Hata ukikazana?”

“Nikikazana itachanika.”

“Basi itakuwaje?”

“Itabaki hivyo.”

Wifi alitikisa kichwa polepole, si kama mtu aliyefarijika. Alitaka kusema samahani, Chaki aliona pembe ile ikijiinua, lakini safari hii neno halikutoka, na Chaki hakumwomba alitoe. Waliondoka mle chumbani wakala chakula kilichokuwa kwenye bakuli. Kilikuwa kimepoa.

Jumatatu alibeba picha kwenda dukani akiwa ameipachika kifudifudi kati ya vipande vya mbao, uso ukining’inia hewani, usiguswe na chochote. Mwenye duka aliitazama, akavaa miwani, akaitazama tena.

“Mama, upande huu umeharibika. Nikate kadi pana ya kuizungushia, tuufiche?”

“Hapana, mzee. Kioo tu.”

“Utaonekana.”

“Acha uonekane.”

Chaki alikata kioo mwenyewe, akaacha nafasi kati yake na karatasi. Picha iko sebuleni. Jicho lipo moja na mdomo upo. Usiku mwingine uso bado unamponyoka, na picha haimsaidii hata kidogo. Huamka, huiona, hurudi kulala.

Ila wifi, na mdomo wake, alikwenda kutangaza hospitalini kwamba amechorwa na sare. Jumamosi iliyofuata alikuja na mwenzake wa wodi ya wazazi, mwanamke mwembamba aliyesema hataki, akakaa, akasinzia kabla mkaa haujamaliza kuzunguka kichwa chake. Baadaye akaja wa chumba cha kufulia. Huja mchana wakitoka zamu, wananuka dawa ya sakafu, hukaa kwenye kiti cha dirishani wakaishiwa nguvu. Chaki hawaamshi. Huchora kope zao, na mikono yao iliyochujuka kwa maji, na shingo zinazoanguka upande. Hajui kama huku ndiko kupona, na hana nguvu za kuuliza. Anajua tu kwamba Ijumaa jioni huchagua vijiti atakavyovihitaji kesho.

Jumamosi hii anakuja mwingine, wa chumba cha upasuaji. Ameagiza asichorwe akiwa amefumba macho, lakini wote husema hivyo. Karatasi imeshabanwa ubaoni.